Kobe wa Machakos: Chakula Kipo, Ruhusa Je?

Mvua za vuli zinapoanza kunyesha Yatta, Mwala na Masinga, kobe huanza kuonekana. Waliokuwa wamejibanza vichakani wakati wa kiangazi hutoka kutafuta majani mabichi, na katika matembezi hayo huvuka barabara za vumbi na mipaka ya mashamba. Hapo ndipo wanapookotwa. Mtoto anayetoka shule humtia mdogo ndani ya mkoba wa vitabu. Mwenye lori humpakia mkubwa nyuma, akamfikisha kwake Kyumbi au Athi River, akamtupia sukuma wiki uani na kuwaita majirani waje wamwone. Kesho yake swali huwa ni moja: huyu anakula nini?

Swali si baya, ila limetangulia mengine yaliyostahili kuulizwa kwanza. Kwa mkazi wa Machakos, kumlisha kobe ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Mfugaji wa Uingereza hununua taa maalumu inayotoa miale inayofanana na ya jua, akalipia umeme wa kupasha joto banda miezi yote ya baridi, na nyasi akaagiza dukani kwa kilo. Huku jua ni la bure na nyasi zinaota hata kwenye nyufa za saruji. Kigumu ni vitu vitatu visivyouzwa katika agroveti yoyote: ruhusa ya serikali, ardhi ya kutosha, na miaka.

Tuanze na ruhusa, kwa sababu bila hiyo mengine ni maandalizi ya kesi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, haitofautishi kati ya pembe ya ndovu na kobe aliye hai kwenye ua wa mtu kama wengi wanavyodhani. Mnyama wa porini, awe hai au mfu, anahesabiwa kuwa nyara ya serikali, na kupatikana naye bila kibali ni kosa. Sheria hiyo ilipopitishwa, faini ya kosa hilo iliwekwa isipungue shilingi milioni 1, au kifungo, au vyote viwili. Aliyedhani adhabu hizo ni za majangili wenye bunduki alisahihishwa Mei 2025, pale mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilipowahukumu vijana wawili wa Ubelgiji waliokutwa Naivasha na takriban chungu 5,000 ndani ya vichupa. Kila mmoja alitakiwa kulipa milioni 1 au kukaa jela miezi 12. Chungu! Mwenye kobe wa kilo 15 chini ya mwembe wake hana cha kumwambia hakimu kuhusu udogo wa mnyama.

Hata hivyo mlango haujafungwa kabisa. Sheria inatambua ufugaji wa baadhi ya wanyamapori kwa leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na kobe ni miongoni mwao, pamoja na mamba na mbuni. Wakenya waliokimbilia kware mwishoni mwa 2013 walilijua jambo hili ghafla, walipoambiwa kwamba hata ndege yule mdogo anahitaji leseni. Wimbi lile lilifundisha na jambo la pili: bei ya mayai ilipoporomoka miezi michache baadaye, vizimba vilibaki vitupu kwa kasi ileile vilivyojengwa nayo. Kware huishi miaka michache tu, hivyo pupa ile ilijimaliza yenyewe. Pupa ya kobe ingerithiwa na wajukuu.

Machakos nayo si ngeni kwa ufugaji wenye karatasi. Kwenye tambarare za Athi, upande wa Lukenya, ranchi ya David Hopcraft ilifuga swala na kongoni ndani ya ua na kuvuna nyama yao kwa kibali kwa miaka mingi. Leo eneo hilo ni hifadhi inayojulikana kama Swara Plains. Lililowezesha hilo ni kwamba mwenye ardhi alianza na ruhusa, akaja kwa ua, na wanyama wakahesabiwa. Anayetaka kobe afuate mpangilio huohuo: aende afisi ya KWS, aeleze mnyama atatoka wapi, aonyeshe mahali atakapoishi, kisha asubiri. Aliyemwokota kobe kando ya barabara ya Kithimani kisha akaenda kuomba leseni ya kumweka amejipeleka mwenyewe kituoni.

Kobe gani, basi?

Anayeonekana zaidi Ukambani ni yule wa madoa meusi na manjano, ambaye wanasayansi humwita Stigmochelys pardalis. Katika Afrika Mashariki wengi wa aina hii hukaa chini ya kilo 20, ingawa jamaa zao wa Ethiopia na Afrika Kusini wamewahi kupita kilo 40. Huyu ndiye anayefaa hali ya hewa ya Machakos kwa sababu ni ya kwao. Halali usingizi mrefu wa msimu, wala hachimbi mashimo makubwa, na chakula chake cha asili ndicho kinachoota kando ya njia. Wa pili ni kobe bapa, mdogo, wa gamba laini linalobonyea, anayejificha kwenye nyufa za majabali ya Kitui, Tharaka na maeneo ya kaskazini, na Tanzania pia. Huyo asiguswe kabisa. Biashara ya kimataifa ilimkamua kiasi kwamba mwaka 2019 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilimpandisha hadi orodha ya ulinzi wa juu kabisa, na jike lake hutaga yai moja kwa mara moja, jambo linalofanya kila aliyechukuliwa kuwa pengo la muda mrefu.

Wa tatu ni yule anayewapa watu ndoto: kobe mkubwa wa Aldabra, ambaye dume lake hufika kilo 250. Wakenya wengi wanamfahamu kupitia kobe aitwaye Mzee, wa Haller Park, Mombasa, bustani iliyofufuliwa kutoka machimbo ya kampuni ya saruji ya Bamburi. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, kiboko mchanga aliyepewa jina la Owen aliokolewa karibu na Malindi, akapelekwa huko, akajibanza kwa Mzee na kumfuata kila aendako. Picha zao zilizunguka dunia. Kilichopotea katika mapenzi hayo ni ukubwa wa nafasi iliyohitajika: bwawa, msitu uliopandwa, walinzi, daktari wa wanyama, na joto la pwani mwaka mzima. Machakos mjini iko karibu mita 1,600 juu ya bahari. Julai usiku nyuzi hushuka chini ya 15, na mnyama wa kisiwa cha tropiki mwenye uzito wa zaidi ya magunia mawili hawezi kubebwa kila jioni kuingizwa jikoni.

Kisiwa cha Changuu, mkabala na Mji Mkongwe wa Zanzibar, kinaonyesha upande mwingine wa kobe hawa. Mwaka 1919 gavana wa Ushelisheli aliitunuku Zanzibar kobe wanne wa Aldabra. Wakastawi, kufikia 1955 walikuwa karibu 200. Hakuna aliyekosa la kula pale, kwani majani yalikuwepo. Kilichowamaliza ni wezi waliowauza kama vipenzi na kama nyama, hadi mwaka 1996 wakabaki saba tu, ndipo serikali na watetezi wa wanyama wakaleta vifaranga na kujenga ua wenye ulinzi. Mtu anayepanga kumweka kobe mkubwa katika ploti ya Mlolongo aanze hesabu yake na ukuta na mlinzi. Majani yatafuata.

Ploti yenyewe ni tatizo la peke yake. Viwanja vingi vinavyouzwa Joska, Malaa na Kyumbi ni vya futi 50 kwa 100. Toa nyumba, choo, tangi la maji na mahali pa kuegesha gari, kinachobaki hakimtoshi mnyama ambaye porini huzunguka mamia ya ekari katika maeneo makame, kama watafiti wa Karoo nchini Afrika Kusini walivyogundua walipowafungia kobe vinasa mawimbi. Kobe aliyebanwa hutembea kando ya ua kutwa nzima akisukuma. Ndiyo maana wavu wa waya haumfai: akiona upande wa pili, hudhani kuna njia, akaendelea kusukuma hadi ajichubue. Ukuta wa mawe wa kimo cha goti, usiopitisha macho, humtuliza. Ua wa kayaba nao hufaa, mradi upande wa chini umezibwa. Waya wa umeme uliofungwa karibu na ardhi ni mauti. Kobe akipigwa na shoti hujivuta ndani ya gamba na kubaki palepale akiugusa, badala ya kuruka nyuma kama ng'ombe. Ranchi za Afrika Kusini zimepoteza wengi kwa njia hiyo.

Sasa chakula, ambacho ndicho watu walitaka kuanza nacho.

Kobe wa madoa ni mla nyasi. Utumbo wake mpana hufanya kazi ya kuchachusha nyuzinyuzi polepole kwa msaada wa bakteria, na sehemu kubwa ya sahani yake inapaswa kuwa nyasi za kawaida, mbichi mvua zikiwepo na kavu kiangazi kikija. Hapa mfugaji wa Machakos ana bahati. Marobota ya nyasi za boma rhodes wanayonunuliwa ng'ombe wa maziwa yanamfaa kobe pia, yakikatwakatwa na kunyunyiziwa maji kidogo. Nyasi za asili za Ukambani, zile ambazo watafiti wa kilimo wanahimiza zipandwe upya kwenye malisho yaliyochakaa, ni bora zaidi kwa sababu ndizo alizozaliwa akila. Mpungate unaoota kila mahali, ukichomwa miiba, ni chakula na maji kwa wakati mmoja. Maua ya haibiskasi, majani ya viazi vitamu, majani ya mforosadi na magugu laini ya shambani huongeza ladha na madini.

Sukuma wiki, ambayo ndiyo hongo ya kwanza ya kila mwenye kobe, iwe ya mara mojamoja. Terere na spinachi zina oksaleti nyingi inayofunga kalsiamu isifike kwenye mifupa. Mboga za sokoni zina tatizo jingine pia, ambalo wakazi wa bonde la Mto Athi hawahitaji kuelezwa: maji yaliyozimwagilia yametoka wapi, na zilipigwa dawa lini? Gugu la ukingoni mwa shamba ambalo halijapigwa dawa ni salama kuliko kichane cha mboga kinachong'aa.

Matunda ni mtego. Embe la Machakos likianguka, kobe atalifuata kwa mwendo usioaminika, lakini sukari nyingi huvuruga bakteria wa utumbo na kumharisha. Kipande kidogo baada ya siku nyingi kinatosha. Ugali uliobaki, mkate, maziwa, chakula cha mbwa na mabaki ya nyama havina nafasi. Kwa muda mrefu wafugaji waliamini kwamba protini ndiyo inayolifanya gamba liinuke vilima vilima kama piramidi. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Vienna, Wiesner na Iben, walilea vifaranga wa kobe wa Saheli katika viwango tofauti vya protini na vya unyevu, wakakuta kwamba ukavu wa hewa ndio ulioharibu magamba zaidi. Hilo halikuifanya nyama kuwa halali kwa kobe, maana figo zake huchoka nayo, ila liligeuza macho kuelekea maji. Kifaranga anayekulia juu ya saruji kavu iliyopigwa na jua la Athi River ataharibika gamba hata akila nyasi bora za kaunti nzima.

Gamba ni mfupa, na mfupa unahitaji kalsiamu. Porini kobe huguguna mifupa iliyokauka, hata kinyesi cheupe cha fisi, ambacho ni mfupa uliosagwa tayari. Nyumbani, unga wa chokaa unaouzwa agroveti kwa kuku wa mayai, ukinyunyizwa kidogo juu ya majani, hufanya kazi hiyo, na maganda ya mayai yaliyosagwa pia. Lakini chokaa bila jua ni bure: miale ya jua juu ya ngozi ndiyo inayotengeneza vitamini D inayoipeleka kalsiamu mahali pake. Kobe aliyefungiwa stoo kwa kuhofia wezi huwa laini gamba huku bakuli lake limejaa.

Mfano mzuri wa nguvu ya chakula uko mbali, katika kisiwa cha Saint Helena. Kobe aitwaye Jonathan, anayekadiriwa kuzaliwa mwaka 1832 au karibu na hapo, alifikishwa kisiwani mwaka 1882. Uzeeni alipofuka na kupoteza uwezo wa kunusa, akawa anakula udongo na majani makavu bila kujua, na domo lake likaanza kuwa butu na kumeguka. Daktari wa wanyama Joe Hollins akaanza kumlisha kwa mkono mboga na matunda mara moja kwa wiki. Domo likarudi kuwa kali. Wiki baada ya wiki, mtu mmoja na ndoo: hiyo ndiyo sura ya kumtunza kobe mzee.

Maji huwekwa kwenye karai la chini, pana, ambalo anaweza kuingia na kutoka bila kupinduka. Kobe hunywa akiwa amezamisha kidevu, na mara nyingi hunya humohumo, kwa hiyo maji hubadilishwa kila siku hata pale ambapo mtungi unanunuliwa kwa punda. Maji ndiyo sababu pia kobe wa porini asiinuliwe ovyo. Akitishika humwaga maji aliyohifadhi kibofuni, na katikati ya kiangazi cha Masinga akiba hiyo inaweza kuwa yote aliyonayo hadi mvua. Banda la usiku liwe kavu, la udongo na nyasi, mlango ukitazama mashariki apate jua la asubuhi. Mabati matupu humchoma mchana na kumgandisha Julai. Kobe aliyepoa hawezi kumeng'enya alichokula, chakula kikaoza tumboni, na makamasi yakaanza puani.

Anapougua, hatari kubwa hutoka kwenye kabati la dawa la mfugaji mwenyewe. Ivermectin, sindano ambayo karibu kila mwenye mbuzi Ukambani ameitumia kuua minyoo na kupe, ni sumu kwa kobe: humpooza na inaweza kumuua. Daktari wa mifugo asiyezoea wanyama watambaao anaweza kuidunga kwa nia njema kabisa, kwa hiyo ni vyema mfugaji alijue hili kabla ya daktari kufungua mkoba. Kupe waliong'ang'ania shingoni na kwenye makwapa hutolewa kwa kibano, mmoja mmoja. Wasipuuzwe. Mwezi Machi 2000 Marekani ilipiga marufuku kuingizwa kwa kobe wa madoa na aina nyingine mbili za Afrika, kwa sababu kupe wao wanaweza kubeba ugonjwa wa maji ya moyo, unaoua ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mwenye zizi la mbuzi Kathiani ana sababu ileile ya kuogopa. Watoto nao wanawe mikono kwa sabuni kila wanapomshika, kwani kobe mzima kabisa hubeba salmonela bila dalili.

Bustanini, yapo ya kung'olewa kabla hajafika: lantana, ambayo imegeuka ua wa kawaida katika nusu ya kaunti, mnyaa wenye utomvu mweupe, oleanda ya mapambo, na majani ya mparachichi. Kobe wa porini ana nafasi ya kuchagua. Aliyefungiwa hula kilichopo.

Kisha kuna miaka. Kobe wa madoa akitunzwa vizuri hupita 50. Mtu wa miaka 40 anayepata leseni leo anamchagulia mwanawe kazi, na huenda mwanawe atakuwa amehamia Nairobi au Doha kabla mnyama hajafika nusu ya umri. Nani atakuwa na leseni wakati huo? Shamba likigawanywa, kobe atakuwa upande wa nani? Maswali haya yanaonekana ya mzaha hadi mtu awasikilize watunzaji wa vituo vya Arizona, Marekani, wanaopokea kobe wa Saheli walionunuliwa wakiwa wadogo kama kiganja, kisha wakapita kilo 50 na kuchimba mashimo chini ya kuta za nyumba. Wenye kobe hao hawakuwachoka kwa sababu ya njaa. Waliwachoka kwa sababu wanyama walikua huku wao wakihama, wakiachana na kuzeeka.

Ndiyo maana neno kulea lina maana pana zaidi katika mazingira ya Kenya. Kituo cha wanyama mayatima cha Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1964 kwenye lango la Mbuga ya Nairobi, kina mpango wa mtu kulipia matunzo ya mnyama bila kumpeleka kwake. Si kila mtu ataridhika na hilo, na inaeleweka. Kulipia chakula cha mnyama usiyemwona kila asubuhi hakufanani na kumsikia akitafuna nyasi mlangoni.

Aliye na ekari tano Mwala ana njia nyingine isiyohitaji leseni, kwa kuwa hamfungii kobe yeyote. Anaacha ukanda wa nyasi na vichaka mpakani usiochomwa wala kufyekwa, anawafunga mbwa usiku, anamwambia kijana wa jembe atazame chini. Kobe wa jirani watapita, wengine watakaa msimu mzima. Ukanda huo una kazi moja zaidi. Jike hutaga kwenye shimo alilolilainisha kwa mkojo wake, akalifukia na kuondoka, na mayai hukaa ardhini miezi 8 hadi 15 kabla ya kuanguliwa. Machakos ina misimu miwili ya kulima kwa mwaka, kwa hiyo shimo lililo ndani ya shamba la mahindi litapitiwa na plau angalau mara moja, na mara nyingi mbili. Lililo mpakani halitaguswa.